Reli ya Uhuru na Kipisi Chetu

Ndugu msomaji, kabla hatujafika mbali naomba ushike namba mbili kichwani: 760 na 16.

Tarehe 29 Septemba 2025, mjini Lusaka, serikali za Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba na kampuni ya Kichina ya CCECC wa kuifufua reli ya TAZARA. Mkataba ni wa miaka 30: mitatu ya kukarabati na 27 ya kuendesha. Fedha zilizotajwa ni dola za Kimarekani bilioni 1.4. Katika vifaa vya kununuliwa vikatajwa vichwa vya treni zaidi ya 30, mabehewa ya mizigo yapatayo 760, na mabehewa ya abiria 16. Basi. Kumi na sita, kwa reli yenye urefu wa kilometa 1,860.

Sina ugomvi na mizigo. Shaba ikipita salama na mbolea ikifika kwa wakati, hata mkulima wa viazi wa Njombe anapona. Lakini namba hizo mbili zilinisumbua, maana mimi ni mmoja wa vijana wanaojifunza kuandika riwaya, na mwandishi akiona hesabu hujiuliza watu wako wapi ndani yake. Nikaanza kuchimba. Kumbe swali la abiria na mizigo halikuzaliwa mwaka 2025. Ni la zamani kuliko reli yenyewe, na sisi wa Njombe na Makambako tumo ndani yake tangu mwanzo.

Tuanze na ramani. Mji wa Njombe hauna reli. Aliye Njombe akitaka treni hupanda kosta au Noah, akaenda kilometa 60 hivi hadi Makambako, pale ambapo barabara ya Songea inakutana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya. Reli nayo ikapita hapohapo. Mkoa wa Njombe ulipozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Iringa, Makambako ikawa lango lake la garimoshi.

Mambo yangeweza kuwa vingine. Mwaka 1929 mhandisi wa reli za Tanganyika, Clement Gillman, alitoa ripoti ya upimaji wa njia ya reli ya kuifungua kusini-magharibi ya nchi, yaani huku kwetu. Waingereza walikuwa wakiwaza mashamba na mazao ya kwenda pwani. Mwaka uleule uchumi wa dunia ukaporomoka, na ile reli ikabaki kwenye makaratasi.

Je, watu wa Njombe walikaa kitako kungoja? La hasha. Walisafiri, tena mbali, ila si kwa kupenda. Wilaya ya Njombe ilikuwa shamba la kuvunia vibarua. Mabwana wa mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuajiri, SILABU, na malori yao yalipanda huku juu kuchukua wanaume wa Kibena na Kikinga kwenda mashamba ya Tanga na Morogoro. Ndio hao walioitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Natamani tulikumbuke hilo tunapozungumza habari za usafiri wa abiria katika mkoa wetu. Abiria wa kwanza wa masafa marefu kutoka Njombe walihesabiwa kama mzigo.

Huko kusini zaidi kuna hadithi nyingine ambayo kila mpanga reli angepaswa kuijua. Baada ya vita vya pili vya dunia Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, na wakajenga reli kutoka pwani ya Mtwara kwenda Nachingwea ili kuzibeba. Karanga zilikataa kuota kama walivyotaka. Mradi ukafa, reli ikakosa mzigo, na mwaka 1962, nchi ikiwa huru kwa miezi michache tu, ikafungwa na baadaye kung'olewa. Watu wa kule walibaki wakitazama tuta tupu. Reli iliyotegemea mzigo mmoja ilikwenda kaburini pamoja na mzigo wake.

Sasa tuje kwenye reli yetu. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru wao wa bandia huko Rhodesia. Zambia, iliyokuwa na mwaka mmoja tu tangu ipate uhuru, ikajikuta imekabwa koo. Shaba yake ilikuwa ikipita Rhodesia kwenda baharini. Upande wa mashariki alikuwepo Mreno wa Msumbiji, upande wa magharibi Mreno wa Angola. Njia pekee ya heshima ilikuwa kaskazini, kwetu. Malori yakaanza kukimbia kati ya Dar es Salaam na Zambia kwenye barabara ya vumbi na matope, iliyoua watu wengi kiasi kwamba madereva waliipa jina la jehanamu. Makambako ilikuwa palepale njiani.

Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walikuwa wamekwisha kupiga hodi kwenye milango mingi kuomba fedha za reli. Benki ya Dunia ilisema haitalipa. Wataalamu wa Uingereza na Kanada walipima mwaka 1966 wakasema inawezekana, lakini fedha hazikutoka. Uchina ndiyo iliyokubali. Makubaliano ya kwanza yalitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967, na mwaka 1970 yakakamilishwa: mkopo wa yuan milioni 988, usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30.

Hapa, vijana wenzangu, tusikilize vizuri, maana ndipo penye kiini cha madai yangu. Mkopo ule haukuja wote kama vyuma na mashine. Ujenzi ulihitaji pia shilingi za hapa nyumbani: mishahara ya vibarua, chakula, mbao, kokoto. Shilingi hizo zilipatikanaje? Uchina ilileta bidhaa, zikauzwa katika maduka yetu ya umma, na mauzo yakalipia gharama za ndani za ujenzi. Khanga na vitenge, baiskeli, mabeseni, kalamu. Wengi wetu tumeviona vitu hivyo kwa bibi zetu, vingine vinatumika mpaka leo.

Unaona maana yake? Mama wa Ramadhani, wa Ilembula au wa Lupembe aliyetoa shilingi zake kununua beseni la Kichina mwaka 1972 alichangia tuta la reli, awe alijua au hakujua. Halafu deni lenyewe likawa la taifa, yaani la mlipa kodi. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba abiria wa kijijini ni mgeni anayepewa lifti kwenye reli ya shaba, namwambia: ngoja kwanza, bwana. Huyo ni mmoja wa walioilipia.

Kazi ilianza Oktoba 1970. Kutoka Dar es Salaam hadi Mlimba, kilometa 502, njia ilikwenda kwa kasi, na ilipokaribia mwisho wa mwaka 1971 sehemu hiyo ilikuwa imekwisha. Kisha wakafika chini ya mlima. Kati ya Mlimba na Makambako kuna kilometa 150 na ushei ambazo reli inapanda kutoka bonde la joto la Kilombero hadi kwenye baridi yetu, na kipande hicho ndicho kilichowatoa jasho. Katika mahandaki yote ya TAZARA, 18 yako hapo. Madaraja ni 46. Daraja la mto Mpanga linasimama juu ya nguzo za urefu wa meta 50. Udongo ulikuwa ukiteleza, miamba ikiporomoka, mvua ikibomoa usiku kilichojengwa mchana.

Waliofanya kazi hiyo walikuwa Wachina kwa maelfu na Watanzania kwa maelfu mengi zaidi, wengi wao vijana waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa na Umoja wa Vijana wa TANU. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika mradi, na baadhi yao wamelala Gongo la Mboto. Vijana wa kwetu nao walikufa. Waliobaki walijifunza kupasua miamba, kuchomelea vyuma, kumwaga zege. Mwezi Agosti 1973 reli ilifika mpakani Tunduma, Juni 1975 ikafika New Kapiri Mposhi, na tarehe 14 Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi kwa serikali mbili, kila moja ikimiliki nusu.

Jina lake lilikuwa Reli ya Uhuru, na uhuru uliokusudiwa ulikuwa wa shaba. Katika hotuba za wakati ule utasikia sana ukombozi wa kusini mwa Afrika, bandari, makaburu na walowezi. Mtu wa Uchindile mwenye magunia mawili ya mpunga humkuti sana. Lakini mtu huyo hakungoja kutajwa. Alipanda.

Serikali yenyewe ilikuwa imemsogeza karibu. Katika operesheni vijiji za miaka ya 1970 kulikuwa na ile iliyoitwa Operesheni Kandokando ya Reli: watu wa bonde la Kilombero walihamishiwa kwenye vijiji vilivyo karibu na njia, pamoja na mambo mengine ili reli iwe na walinzi. Hofu ile haikuwa ya bure, maana mwaka 1979 askari wa Rhodesia walilipua daraja la Chambeshi upande wa Zambia. Basi watu wakawekwa kando ya reli waitunze, nao wakaifanya barabara yao.

Biashara iliyozaliwa pale si mchezo. Bondeni kuna mpunga, ndizi na samaki. Huku juu kuna viazi mviringo, maharage, njegere na mahindi. Joto na baridi vimetenganishwa na mlima mmoja, na barabara ya maana ya kuupanda mlima huo haikuwepo. Mtu wa Makambako akashuka na viazi asubuhi, akarudi na mchele. Mwingine akaanza na furushi la mitumba, akapata mtaji, akafungua genge, akajenga. Makambako, ambayo kabla ya hapo ilikuwa kituo kidogo cha njia panda, ikakua kuwa mji wa wafanyabiashara. Miaka ya 1980 barabara ya lami ya Songea ikajengwa kwa fedha za Uingereza, nayo ikamwagia mzigo palepale. Ukienda sokoni Makambako ukaona mchele wa Mlimba umejazwa lumbesa, hayo ni matunda ya mahandaki 18.

Treni iliyobeba maisha hayo haikuwa ile ya haraka iendayo Zambia. Ilikuwa treni fupi ya kawaida ya huku katikati, inayosimama kila stesheni ndogo, mpaka mahali ambapo mgeni haoni kitu isipokuwa mgomba na taa ya chemli. Watu wakaiita kipisi. Neno zuri hilo. Kipisi ni kipande, ni kile kidogo kilichobaki. Jina lenyewe linakuambia abiria alivyojua nafasi yake katika mpango mzima, akacheka, akapanda hivyohivyo.

Sasa tuzungumze juu ya vichwa vya treni, maana hapo ndipo ugawaji unapofanyika kweli. Behewa bila kichwa ni kibanda tu. Vichwa vya kwanza vilivyoletwa kutoka Uchina havikuhimili mlima wetu. Vilichemka, viliharibika, na karakana hazikuwa na vipuri vya kutosha. Mzigo ukaanza kurundikana bandarini Dar es Salaam. Mwaka 1978 Kaunda, aliyekuwa ameiacha njia ya kusini ifungwe tangu 1973, alilazimika kuifungua tena ili apate mbolea. Fikiria uchungu wa uamuzi ule! Reli ya ukombozi ipo, imekamilika, lakini nguvu ya kuvuta haipo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ujerumani Magharibi ilisaidia kuleta vichwa vipya vyenye nguvu zaidi, aina ya General Electric vilivyounganishwa na Krupp, na baadaye nchi nyingine wahisani nazo zikachangia. Tangu hapo kila aliyeleta fedha alikuwa na hesabu yake. Mfadhili hutaka kuona tani zimeongezeka, na tani ni za mizigo. Hakuna kipimo cha ufadhili kinachosema: wanawake wangapi wa Mpanga walifika mnadani.

Naomba tuwe waadilifu kwa meneja pia. Tujiweke katika kiti chake. Njia ni moja tu, treni zinapishana stesheni. Ana vichwa vizima vichache. Kichwa kimoja akikiweka kwenye kipisi, kitashinda siku nzima kikisimama na kuondoka, kikikusanya nauli za shilingi. Akikiweka kwenye shaba, kitaleta dola. Wafanyakazi wanadai mishahara, dizeli inadaiwa, serikali mbili zinagombana nani alipe nini. Wewe ungefanyaje? Mimi mwenyewe ningetamani kukipeleka kwenye shaba. Ndiyo maana nasema jambo hili haliwezi kuachwa juu ya huruma ya meneja. Nauli ya kijijini haiwezi kushindana na shaba kichwa kwa kichwa, na haikupaswa kushindanishwa nayo.

Miaka ya 1990 mashindano hayo yakaja waziwazi. Utawala wa makaburu uliisha Afrika Kusini mwaka 1994, na bandari za kusini zikawa halali. Malori yakaongezeka barabarani. Ule mzigo uliozaa reli sasa ulikuwa na njia nyingine. Reli iliyowahi kubeba zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka ikaanza kusinyaa, na ukaja wakati wa maneno mapya: soko huria, kupunguza wafanyakazi, kubinafsisha. Katika hesabu hizo stesheni ndogo zilionekana mzigo, na treni ya kawaida ikaonekana hasara.

Watu wa bondeni hawakunyamaza. Mwanahistoria wa Marekani Jamie Monson, aliyetoa kitabu chake juu ya reli hii mwaka 2009, ameeleza jinsi wanavijiji wa ukanda ule walivyoandika barua za kupinga mipango ya kuwapunguzia huduma. Walijiita wenye reli. Walikumbusha kwamba wao ndio walioilinda, na kwamba iliitwa yao na viongozi walewale waliokuwa sasa wanataka kuwapita bila kusimama. Kwangu mimi barua zile ni fasihi. Mkulima aliyekaa chini na karatasi ya daftari kuiambia mamlaka kwamba neno lao walilolisema zamani lina maana, huyo ni mwandishi mwenzetu.

Hoja yao haikuwa ya Mlimba peke yake. Mwaka 1963 Uingereza ilitoa ripoti ya Dk. Beeching iliyopendekeza kufunga stesheni zaidi ya 2,000 kwa sababu mapato yao yalikuwa madogo. Zilifungwa nyingi. Kosa la hesabu ile lilikuwa la mtu anayeupima mto bila kuhesabu vijito. Abiria wa kituo kidogo ndiye huyo anayeendelea na safari hadi kituo kikubwa. Ukimwondoa hapa, unampunguza na kule. Huko Scotland reli ya kwenda nyanda za mpakani ilifungwa 1969, na mwaka 2015 ikabidi sehemu yake ijengwe upya kwa fedha nyingi, kwa sababu miji ilikuwa imesinyaa. Wao walikuwa na fedha za kujenga mara ya pili. Sisi je?

Karibu na wakati wetu mambo mawili yametokea yanayoonyesha kwamba ugawaji wa treni ni uamuzi wa watu na si hali ya hewa. La kwanza: mwezi Oktoba 2012, katika wakati wa Waziri wa Uchukuzi Harrison Mwakyembe, treni za abiria za mjini zilianzishwa Dar es Salaam. Upande mmoja ulikuwa wa reli ya kati, upande wa pili TAZARA ikitumia vichwa na mabehewa yake yaliyokarabatiwa. Foleni za jiji zilikuwa zimekithiri, serikali ikaamua, mabehewa yakapatikana. Sisemi ilikosea. Nasema tu kwamba serikali ikitaka abiria apande, anapanda.

Na uamuzi huo ulikuja wakati reli yenyewe ikiwa taabani. Katika mwaka wa fedha wa 2014/15 mzigo wote wa TAZARA ulishuka hadi tani 88,000 hivi. Shaba ilikuwa imekimbia, lakini abiria wa bondeni hakuwa na pa kukimbilia. Kwa miaka mibaya kuliko yote, yeye ndiye aliyebaki mwaminifu.

La pili: reli mpya ya kisasa ya umeme. Tarehe 14 Juni 2024 ilianza safari za Dar es Salaam na Morogoro, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Ilianza na abiria. Mizigo ilikuja mwaka uliofuata. Watu walijaa mpaka tiketi zikawa za kugombania. Sasa ukisikia mtu anasema Mtanzania hapandi treni siku hizi, mwonyeshe stesheni ile.

Labda utauliza: si tuazime basi mabehewa huko? Haiwezekani kirahisi. Nchi yetu ina reli za mapana matatu. Reli ya kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000. TAZARA ina 1,067, kwa sababu ilijengwa ili iungane na reli za kusini mwa Afrika. Hii ya umeme ina 1,435. Ndiyo maana pale Kidatu, reli ya kati na TAZARA zinapokutana, kilijengwa kituo cha kuhamisha mizigo kutoka behewa hadi behewa, kikafunguliwa 1998. Behewa la Dodoma halitapanda mlima wa Makambako. Kwa hiyo yale 16 yakigawanywa Dar es Salaam, Mbeya na Zambia, hakuna mjomba mwingine wa kutuazima.

Hesabu hiyo naifanya polepole. Treni moja ya maana ya masafa marefu inataka mabehewa ya kulala, ya kukaa, na la chakula. Ukitengeneza treni mbili tu, moja inakwenda na nyingine inarudi, yale 16 yamekwisha. Kipisi kitavutwa na nini, na kitabeba watu katika nini? Mabehewa yaliyozeeka?

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa mwekezaji ametoa fedha zake, anatafuta kuzirudisha, na shaba ndiyo inayolipa. Tena sasa kuna ushindani: upande wa Angola Wamarekani na Wazungu wanaifufua njia ya Lobito, wakiitazama shaba hiyohiyo ya Zambia na Kongo. Ni kweli. Lakini tusome historia yetu. Mwaka 1978 shaba iliondoka. Baada ya 1994 iliondoka tena. Ina miguu, ile. Inakwenda penye bei nzuri. Mtwara waliwekeza roho yao kwa karanga, wakabaki na tuta. Reli inayomhudumia mtu anayeishi kando yake ina mteja wa kudumu, hata kama ni mteja maskini. Na kama nauli yake haitoshi, basi serikali zilipe tofauti kwa mkataba ulioandikwa, kama zinavyolipia barabara ambazo hakuna anayeuliza kama zina faida.

Kwa hiyo madai yangu ni madogo na yanaweza kutimizwa. Kwanza, katika yale mabehewa 16, itangazwe mapema ni mangapi ya treni ya kawaida ya kati ya Kilombero na Makambako. Pili, stesheni ndogo za mlimani zihesabiwe kwa watu na magunia yanayopita, si kwa tiketi zilizokatwa dirishani pekee. Tatu, mbunge wa huku na madiwani wa Makambako na Mlimba waulize sasa, miaka hii mitatu ya ukarabati, wakati ratiba bado inaandikwa kwa penseli. Ikishapigwa wino tutabaki kulalamika kwenye vijiwe vya kahawa.

Kwa wenzangu wa kalamu nina ombi jingine. Habari za reli hii zimeandikwa na wahandisi, mabalozi na maprofesa, na tunawashukuru. Lakini vijana wa JKT waliopasua yale mahandaki sasa ni wazee wa miaka 70 na zaidi. Wako Makambako, wako Mlimba, wako Mang'ula. Wanazikwa mmoja mmoja. Yule aliyekuwa akiuza mayai dirishani mwa kipisi mwaka 1985 ana mambo ambayo hayamo katika ripoti yoyote. Nenda ukakae naye, mwamkie vizuri, mwambie kamwene, halafu nyamaza usikilize. Andika jina la stesheni, andika bei ya gunia, andika mwaka. Siku watakapotuuliza tena hawa abiria ni nani hasa, tuwe na kitu cha kuweka mezani.